Mall zinakufa huku kodi inapanda, hivi wenye majengo mnatuonaje?

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka, nimetoka kupokea ankara ya mwezi huu na mpaka sasa sijaelewa nicheke au nilie.

Nina fremu kwenye mall moja hapa Dar, nauza nguo na viatu vya watoto. Jina la mall sitaji kwa sababu mkataba bado unanibana na deposit yangu wanayo wao, ila wanaofanya biashara humo wakisoma watajua tu. Sasa sikia. Supamaketi kubwa iliyokuwa chini imeshafunga, mlango wamebandika magazeti kwa ndani, fremu ya kushoto kwangu iko tupu, ya mbele yangu iko tupu, eskaleta ya kupanda haifanyi kazi wameizungushia utepe mwekundu na mweupe kama eneo la ajali, halafu jamaa wananiletea karatasi kwamba kodi imepanda asilimia saba "kwa mujibu wa mkataba", plus service charge (hela ya kuendeshea jengo), plus dizeli ya jenereta, plus VAT asilimia 18, plus kitu wanaita mchango wa matangazo. Matangazo gani jamani?? Tangazo pekee ninaloliona ni bango la Sikukuu Njema na Heri ya Mwaka Mpya ambalo Pasaka imepita bado linaning'inia pale getini na kamba moja imekatika.

Nikaenda ofisini kwao kuuliza service charge ya nini wakati eskaleta imekufa, AC inawashwa saa sita mchana inazimwa saa kumi na vyoo vya ghorofa ya juu vimefungwa, yule dada akaniambia kwa upole kabisa, gharama zinagawanywa kwa wapangaji waliopo. Yaani umeelewa hapo? Wapangaji wakipungua, sisi tuliobaki tunalipia na sehemu ya waliokimbia! Kwa hiyo kila mwenzako akihama wewe bili yako inanenepa, na wewe ukishindwa ukihama unamnenepeshea aliyebaki. Nikamwuliza na wa mwisho je, atalipa ya jengo zima? Akatabasamu akaniambia niandike barua.

Sasa kuna watu najua watakuja hapa na ile hoja yao, "biashara imehamia mtandaoni mkuu, hata Marekani Sears, wale wa maduka makubwa ya zamani, wamefilisika". Naomba tuheshimiane. Sears wamefilisika kweli, 2018 walikwenda mahakamani, lakini wale waliuawa na Walmart na kina Amazon, na pia nchi yao ilijenga mall nyingi kuliko watu wa kuzijaza. Sisi hapa tumejenga mall ngapi za kusema zimezidi? Mteja wangu hajaenda Amazon. Mteja wangu yuko Kariakoo, au anamwagiza dada wa Instagram ambaye naye anachukua mzigo Kariakoo hiyohiyo, anatumiwa na boda anapokelea mlangoni. Na unga, sukari na mafuta ananunua kwa Mangi hapo chini ya nyumba yake ambaye anamkopesha mpaka mwisho wa mwezi. Hao washindani tumekuwa nao miaka yote, kabla hata hiyo mall haijachimbwa msingi. Mbona tulikuwa tunauza?

Kilichotuua ni supamaketi kufa, na supamaketi zetu zimekufa kwa ujinga wa wakubwa, sio kwa intaneti.

Vijana mliokuja mjini juzi mnaweza msijue. Mlimani City, ile mall kubwa ya hapa Dar, ilipofunguliwa 2006 walikuwepo Shoprite, supamaketi ya watu wa Afrika Kusini. Mwaka 2014 Shoprite wakasema Tanzania basi, wakawauzia Nakumatt wa Kenya maduka yao matatu, mawili Dar moja Arusha. Tukashangilia, yule tembo wa kwenye nembo ya Nakumatt kaja mjini, Moshi alishafungua tangu zamani, magazeti yakaandika sana. Haikufika hata miaka mitano. Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 kwenye nchi nne, Kenya, Uganda, Rwanda na sisi, kampuni iliyoanza na kuuza magodoro Nakuru, ikaja kuishia Januari 2018 mahakama ya Kenya inaiweka chini ya msimamizi, inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Kabla yao Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, Oktoba 2015 wakafunga Tanzania na Uganda kwa mkupuo mmoja. Baadaye Tuskys huko Kenya nao chali. Ongeza Game, duka kubwa ambalo nyuma yake yupo Massmart wa Afrika Kusini na nyuma ya Massmart yupo Walmart mwenyewe, nao wakatafuta mnunuzi wa maduka yao ya huku wakakosa, 2022 wakafunga wakaondoka.

Sasa angalia namna kina Nakumatt walivyokufa maana ndiyo staili iliyoniharibia na mimi. Supamaketi inachukua mzigo kwa msambazaji kwa mkopo, siku 60, siku 90, kwa mteja inauza keshi palepale. Kwa hiyo kila siku ina mafurushi ya hela mkononi ambayo sio yake. Mwenye akili hela hiyo anaitunza amlipe msambazaji, wao wakaichukua kufungulia tawi lingine, na tawi hilo nalo likachukua mzigo kwa mkopo, na hela yake ikafungua lingine. Siku wasambazaji wakisema hatuleti tena mpaka tulipwe, mchezo umeisha siku hiyohiyo, hakuna cha kuokoa.

Na wala huhitaji kusoma gazeti kujua, unaona kwenye shelfu. Supamaketi ya kwenye mall yetu nilianza kuiona inakufa mimi mwenyewe wakati naenda kununua maziwa ya chai. Kwanza maziwa yakawa aina moja tu. Halafu mkate wa moto ukaacha kuokwa, zamani ile harufu ilikuwa inapanda mpaka dukani kwangu saa kumi jioni na watu wakitoka kazini wanapita kuununua, na wakipita na watoto ndio wanaingia na kwangu. Halafu ikaanza ile ya kupanga shelfu nzima maji ya chupa, ukuta mzima wa maji, chupa moja moja zimesogezwa mbele zionekane nyingi na nyuma hakuna kitu. Ukiona maji na toilet paper zimepangwa mpaka kwenye sehemu ya nyama, jua hapo pameisha. Nilimwambia mwenzangu wa duka la simu, akasema nina mdomo mbaya.

Kuna mama mmoja jirani yangu mtaani alikuwa anawapelekea mayai. Sio tajiri, ana banda lake la kuku, alikopa benki akaongeza kuku kwa sababu ya hiyo oda. Walipofunga walikuwa wanamdai, samahani, YEYE ndiye alikuwa anawadai, lakini kwa jinsi walivyokuwa wanamjibu kwenye simu ungedhani yeye ndiye mwenye deni. Njoo Jumatatu, mhasibu yuko safari, tumeshaandika hundi bado sahihi moja. Mpaka siku kapanda daladala akakuta magazeti mlangoni. Kuku aliwauza, benki bado analipa. Wakubwa waliosaini kufungua matawi sijasikia hata mmoja aliyeuza gari.

Halafu ndio unakuja upande wa mwenye jengo, na hapa ndipo damu inanichemka. Watu hawajui kwamba zile supamaketi kubwa kodi yake kwa mita ya mraba huwa ni ndogo kuliko ya sisi wa fremu. Ndogo sana. Wanapewa bei nzuri kwa sababu wao ndio wanaleta watu, na sisi tunalipa bei kubwa kwa sababu tunakula kutokana na watu walioletwa nao. Sawa, sina ugomvi na hilo, ndiyo biashara. Lakini sasa mleta watu kaondoka! Ile bei kubwa niliyokuwa nailipa ilikuwa ya watu wanaopita mbele ya duka langu, sio ya ukuta na vigae. Watu hawapo, kwa nini bei ibaki ileile, achilia mbali kupanda?

Na mkataba wenyewe tulisaini kwa dola. Fremu iko Dar es Salaam, mwenye jengo Mtanzania, mimi Mtanzania, mteja analeta shilingi, ankara inakuja kwa dola. Serikali ilisema tangu mwisho wa 2017 kwamba kuanzia Januari 2018 bei kwa wakazi ziwe kwa shilingi, nani alijali? Dola kutoka elfu moja mia sita na kitu ya 2014 ikapanda mpaka kupita 2,600 mwaka 2024, maana yake kodi yangu ilikuwa inapanda hata mwezi ambao hakuna aliyeandika barua ya kupandisha. Mwezi Machi 2025 zikaja kanuni mpya za kukataza kabisa kupanga bei kwa fedha za kigeni, nikasema alhamdulillah. Unajua walichofanya? Wakachukua dola zilezile wakazizidisha kwa rate ya juu waliyoichagua wao, wakaandika TZS, wakaacha na kile kifungu cha kupanda kila mwaka ambacho kiliwekwa enzi za dola. Sheria imefuatwa na mimi nimenyongwa.

"Mbona Mlimani City inajaa?" Najua utauliza. Inajaa kwa sababu iko Sam Nujoma, ukishuka daladala ya Mwenge au ya Ubungo umefika, nyuma yake Chuo Kikuu chenye ardhi yenyewe, wanafunzi maelfu, mabenki yamejipanga, mtu anaenda kufanya shughuli yake nyingine kabisa anajikuta kanunua. Na hata hiyo nimeshakwambia imebadilisha mabwana wangapi, Shoprite, Nakumatt, Game. Isingekuwa pale ilipo ingekuwa godauni leo. Hawa wenzetu wengine wamejenga sehemu ambayo bila gari binafsi hufiki, kituo cha daladala kiko mbali, mama na mtoto mgongoni na mwingine mkononi avuke barabara ya njia nne aje kununua viatu kwangu? Geti lenyewe limechorwa kwa ajili ya magari, mtembea kwa miguu anapenya pembeni mlinzi anamwangalia kama mwizi. Halafu wakiona watu hawaji wanaanza kuchaji parking! Na choo sasa shilingi mia tano! Yule mmoja aliyekuwa anakuja hata kwa ajili ya AC na kupiga picha kwenye ngazi mmemfukuza, na yule ndiye aliyekuwa anaona fulana ya mwanaye dirishani anarudi mwisho wa mwezi.

Na kabla hatujapumua, pale Ubungo kituo cha zamani cha mabasi kimeshuka kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, mzigo kutoka China moja kwa moja. Kariakoo wenyewe wanalia, sasa mimi wa ghorofa ya kwanza kwenye jengo lisilo na eskaleta nitamwambia nini mteja?

Sisemi wanipe bure. Tulikaa wapangaji tuliobaki, tukaandika barua, tukasema tufanye hivi: kodi ishuke mpaka ipatikane supamaketi nyingine, au tulipe asilimia ya mauzo, mashine za risiti za EFD zipo, kila shilingi inaonekana, hakuna wa kudanganya. Majibu yakaja mistari mitatu. Ombi limepokelewa, mkataba uheshimiwe, atakayevunja kabla ya muda atapoteza deposit. Sahihi, muhuri. Yaani wako radhi fremu ikae tupu vumbi linajaa kuliko kushusha bei, na nimeambiwa na mtu anayezijua hizi kazi kwamba ni kwa sababu ya benki, thamani ya jengo inahesabiwa kwa kodi iliyoandikwa kwenye mikataba, akishusha kwangu thamani ya jengo zima inashuka kwenye makaratasi na mkopo wake unaanza kuulizwa maswali. Kwa hiyo mimi niko pale kupamba karatasi ya benki ya mtu.

Mwenzangu wa duka la simu ameshaondoka. Alitoa vitu usiku kidogokidogo kwenye mabegi ya mgongoni, maana mchana mlinzi anazuia mzigo usitoke bila kibali cha ofisi. Deposit kawaachia. Sasa hivi yuko Kariakoo kwenye kaupenyo ka mita mbili analipa kilemba (ile hela ya kuachiwa fremu) na kodi ya mwaka mzima mbele, na ananiambia anauza kwa siku kuliko alivyokuwa anauza kwa wiki.

Mimi bado nina miezi kwenye mkataba. Kwa hiyo ninachoomba kwenye uzi huu ni kimoja: mwanasheria au mtu yeyote aliyewahi kutoka kwenye mkataba wa fremu ya mall kwa hoja kwamba supamaketi waliyoahidi haipo tena, na deposit akarudishiwa hata nusu, aje PM tuongee. Kwenye vipeperushi vyao vya kututafuta sisi wapangaji waliichora hiyo supamaketi na jina lake kubwa kabisa, karatasi ninayo, sijui kama mahakamani ina uzito.

Madalali wenye fremu Sinza na Tabata msije PM, nawaona mshaanza.