Mjadala: Mradi wa kuboresha vifaa vya kila siku, alama ziende kwa kifaa au kwa daftari la vipimo?

HOJA (mratibu wa mradi)
Mradi wenyewe tunaujua. Kikundi cha wanafunzi 4 kinachukua kifaa cha kila siku chenye kasoro, kinakichunguza, kinatengeneza kilicho bora zaidi na kukitetea mbele ya darasa. Muda ni wiki 6, vipindi 2 vya dakika 40 kwa wiki, yaani saa 8 kwa jumla. Fizikia, hisabati, lugha, sanaa na ufundi vinachangia. Wazo si geni: William Kilpatrick, mwanaelimu wa Marekani, aliandika kuhusu mbinu ya miradi mwaka 1918, na mtaala wa Ufini ulioanza kutumika 2016 unaitaka kila shule iwe na angalau moduli moja ya masomo mseto kila mwaka. Basi tusibishane kama mradi uwepo. Tubishane kuhusu alama. Pendekezo ni hili: 50 kwa kifaa, 30 kwa ripoti, 20 kwa uwasilishaji. Mnaliunga mkono?

MWALIMU WA FIZIKIA
Siliungi mkono. Kifaa kinachong'aa kinatuonyesha nani ana keekee nyumbani, hakituonyeshi nani ameelewa chanzo cha kasoro. Chukueni birika linalochuruzisha chai chini ya mdomo wake. Mwanahisabati Joseph Keller alieleza mwaka 1957 kwamba maji yanapopinda kwenye ukingo, kanieneo ndani yake hushuka chini ya ile ya hewa, na hewa huyasukuma yaambatane na ukingo. Ukimimina kwa kasi yanaruka mbali, ukimimina polepole yanarudi nyuma na kutambaa chini ya mdomo. Mwanafunzi aliyeelewa hilo atajua kwamba ukingo wa mviringo ndio adui, na kwamba tupa ndogo ya kuunoa ukingo ina faida kuliko mdomo mpya mrefu.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Pima karatasi ya tishu kwenye mizani inayosoma gramu 0.1, iviringishe chini ya mdomo wa birika, mimina maji baridi mililita 500 kwa sekunde 20, pima tishu tena. Tofauti ya uzito ndiyo maji yaliyochuruzika. Kiwango cha maji birikani kiwe kilekile kila mara, maana birika lililojaa huinamishwa kidogo tu na mkondo wake hutoka tofauti na wa birika nusu. Alama 50 ziende kwenye daftari linaloonyesha haya yote, hata kama birika lenyewe bado linachuruzika.

FUNDI ANAYEFUNDISHA KARAKANA
Mwalimu, kwa heshima zote, daftari linadanganyika. Kikundi kikipaka nta ya mshumaa chini ya mdomo, kipimo chako cha maji baridi kitatoa matokeo mazuri ajabu, kwa sababu nta hukataa maji. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi. Chai ya kwanza tu inaiondoa, na inaingia kikombeni. Daftari litakuwa safi, hesabu zitakuwa sahihi, na birika litakuwa bovu kuliko mwanzo. Kifaa ndicho kinachokataa uongo.

Na makosa ya mikono yana elimu yake. Kila mwaka gundi ya fimbo, ile inayoyeyushwa kwa joto, hutumika kushikilia kila kitu. Haishiki vizuri kwenye plastiki laini ya madumu na vifuniko, kwa kuwa uso wa polietilini haukubali gundi nyingi, hata zile za kukausha papo hapo. Hapo dawa ni kutoboa na kufunga bolti na nati, tena kwa washa pana, kile kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya nati, ili plastiki isichanike. Na gundi hiyo ikiwekwa karibu na joto inalainika, mkono wa sufuria unabaki kiganjani. Mpini wa mbao nao ukikatwa kukingama nyuzi za mti unavunjika pale penye shingo. Hayo hayafundishwi na ripoti.

MWALIMU WA HISABATI
Nyote wawili mnadhani vipimo vikiwepo kazi imekwisha. Hesabu katika miradi hii mara nyingi ni pambo: grafu ya pau ya rangi wanazopenda watu 10. Tuseme kikundi cha birika kinaleta gramu hizi. Kabla: 4.2, 3.6, 5.1, 3.9, 4.7. Baada: 3.1, 4.4, 2.8, 4.0, 3.2. Wastani umeshuka kutoka 4.3 hadi 3.5, na bango litaandikwa "tumepunguza kwa asilimia 19". Lakini hebu tazameni upana: matokeo ya kabla yanaanzia 3.6 hadi 5.1, ya baada 2.8 hadi 4.4. Yanaingiliana. Kwa majaribio 5 sikubali dai hilo. Wafanye 10 kwa kila upande, tena kwa kupokezana: la zamani, jipya, la zamani, jipya. Wakimaliza kwanza yote ya zamani, mkono unazoea kumimina na lile jipya linapata sifa isiyo yake.

Kwa hiyo nataka namba moja tu, iliyochaguliwa wiki ya kwanza na isiyobadilishwa baadaye: gramu, sekunde, au nyutoni za nguvu. Kikundi kinachobadilisha kipimo wiki ya tano kimeona kinashindwa.

MWALIMU WA LUGHA
Lugha isiachiwe bango la mwisho. Kazi yake kubwa iko mwanzoni, kwenye mahojiano. "Ungependa kiboreshwe nini?" ni swali baya, watu hujibu kumridhisha mtoto. Swali zuri ni "Nionyeshe unavyokitumia," halafu mwanafunzi anyamaze na aandike mkono umeshika wapi, umesita wapi. Vimenyeo vya OXO, kampuni ya vyombo vya jikoni, vilivyotoka mwaka 1990 vilianzia kwa mwanzilishi wake Sam Farber kumwona mkewe Betsey, mwenye baridi yabisi ya viungo, akisumbuka na kimenyeo cha kawaida. Kilichomtesa ni mpini mwembamba, nao ukafanywa mnene, wa mpira. Nani angeligundua hilo kwa dodoso?

Na mwishoni pimeni maelezo ya matumizi kama mnavyopima birika. Mpeni karatasi mtu asiyejua kifaa, hesabuni mara anazosimama kuuliza. Kila swali ni sentensi iliyoshindwa.

MPANGA RATIBA
Yote mazuri, lakini saa ni 8. Vikundi vingi hupoteza wiki 2 hadi 3 kutafuta wazo, kisha vinajenga kifaa siku mbili za mwisho na kupima mara moja tu. Majaribio 20 ya birika, kila moja dakika 3 pamoja na kukausha na kupima tishu, ni dakika 60: kipindi kimoja na nusu. Hayataingia kama wazo limechelewa. Napendekeza walimu watoe orodha ya kasoro 5 zilizo tayari, na uchaguzi ufungwe kipindi cha pili.

MWALIMU WA LUGHA
Ukitoa kasoro iliyo tayari umeua uchunguzi niliousema. Toa orodha ya vifaa, kasoro waitafute wenyewe.

MPANGA RATIBA
Hilo nakubali, bora kipindi cha pili kibaki kuwa mwisho wa kuchagua.

MWALIMU WA FIZIKIA
Fundi amenishinda kwenye nta. Maji baridi nimeyapendekeza kwa usalama, na usalama huo umeficha kasoro. Basi iwe hivi: wanafunzi wapime kwa maji baridi, na wiki ya tano mwalimu mwenyewe amimine maji moto mara 3 mbele ya kikundi, nao waandike kinachotokea. Kifaa kisipovuka hapo hakikosi alama zote, ila hakipati zile za dai la mafanikio. Lakini bado nakataa 50 kwa umaliziaji. Nipe 20 kwa kifaa kilichohimili jaribio, 50 kwa daftari.

FUNDI ANAYEFUNDISHA KARAKANA
Ongeza ziwe 30, na mmiminaji wa yale maji baridi asiwe wa kikundi hicho. Mwenye kifaa huwa ameshajifunza kukizungushia kiwiko ili kisichuruzike. Mgeni hajui ujanja huo, anainamisha polepole kama watu wote, na tishu inalowa.