"Refer the heading above": kosa la kumnyima mtu kazi?

Mleta mada, Shangani: Wadau, wiki hii napekua barua za maombi ya kazi, nafasi moja ya karani wa ghala. Karibu zote zinaanza "Refer the heading above" na kuishia "I look forward to hear from you". Bosi kasema za hivyo zote kapuni. Naona uonevu. Kazi yenyewe ni kupima korosho na kuandika stakabadhi, mkulima wa Nanyamba hasalimiwi kwa Kiingereza.

Mwalimu, Masasi: Uonevu uko wapi? Hiyo "to" haianzishi kitenzi, imeshikamana na "forward", ndiyo maana husemwa "to hearing from you", kama unavyosema "to your reply". Na "Refer" ni kumwamuru mtu akasome kichwa alichokwisha kukisoma. Ndiyo "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ile ile, ambayo hata kwa Kiswahili haina kazi. Ingia kwenye hoja: "I wish to apply for the post of clerk". Basi.

Steshenari, Ligula: Shikamoo mwalimu. Barua hizo nachapa mimi. Nikiondoa "Refer" mteja anagoma kulipa, anasema barua haijakamilika, shuleni walifundishwa hivyo. Na nyie! Sampuli ni moja tangu nifungue, nabadilisha jina na tarehe. Juzi "Dear Sir" imeenda kwa mkurugenzi mama.

Mwalimu, Masasi: Marahaba. Hapo umenipata. Weka "Dear Sir or Madam", umalizie "Yours faithfully". Ukimtaja kwa jina ndipo "Yours sincerely".

Mdau, Lindi mjini: Mnapaka rangi nyumba isiyo yenu. Kwa nini barua iwe ya Kiingereza? Sheria ilibadilishwa 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Hakimu aandike hukumu kwa Kiswahili, halafu mpima korosho aombe kazi kwa Kiingereza?

Wakala wa forodha, Mtwara: Mkuu, korosho hizo zinaenda India na Vietnam, huko utawaandikia Kiswahili? Ila usahihi nao una wenyewe. Wahindi wanaandika "kindly revert", nasi tumeizoea, maana yake nijibu. Nikamwandikia Mwingereza "kindly revert on the price". Akadhani nataka turudi bei ya zamani! Tulipotezeana siku mbili.

Mdau, Lindi mjini: Huyo wa bandarini mpimeni kwa Kiingereza, sawa. Karani wa ghala mpimeni kwa mizani.

Mleta mada, Shangani: Hilo la mizani nitampelekea bosi. Ingawa tangazo lenyewe, nimelisoma tena leo, tuliandika "Interested applicants should sends". Aliyeliandika ni yeye.

Steshenari, Ligula: 😂 Mwalimu, nirushie hiyo sampuli mpya. Wanaong'ang'ania "Refer" nitawachapia ya zamani, bei ile ile.