Picha za wafalme zilizochongwa kwenye shaba: ukubwa wa mfalme unaonekana wapi hasa?

msomaji_picha: Wakuu habari zenu. Nimeiangalia sana ile picha ya Louis wa 14 wa Ufaransa, sio ile ya rangi aliyochora Hyacinthe Rigaud 1701, nasema ile nyeusi na nyeupe ambayo Pierre Drevet aliichonga baadae kwenye bamba la shaba kuifuata, ikachapwa kwa wino kwenye karatasi. Picha ya Rigaud ina karibu mita 2.8 kwenda juu, hii ni karatasi tu, rangi hamna, dhahabu hamna, ila ukimwona unajua tu huyu ni mfalme. Wanafanyaje?

Bi_Sanaa: Anza na vitu alivyonavyo mkuu. Joho lina maua ya yungiyungi, alama ya ufalme wa Ufaransa, na upanga kiunoni ni Joyeuse, ule unaohusishwa na Charlemagne, mfalme wa kale wa Wafranki. Halafu cheki fimbo ya enzi, ameigeuza kichwa chini anaiegemea kama bakora, yani mzee ameshapita miaka 60 na hana wasiwasi kabisa na kiti chake. Kwangu hapo ndo pana nguvu kuliko hata taji, taji lenyewe limewekwa pembeni tu.

fundi_chapa: Mi naongezea ufundi maana watu wanausahau. Shaba inachongwa kwa kichuma chenye ncha kali, burini, ukikandamiza mstari unanenepa ukilegeza unakuwa mwembamba, na unachonga kinyume ili ikichapwa ikae sawa, sasa fikiria mtu anatoa manyoya, hariri, chuma na ngozi ya shavu kwa mistari mitupu!! Robert Nanteuil, mchongaji Mfaransa wa enzi hizo, alikuwa hatari kwa hilo, alimchora mfalme mwenyewe akiwa amekaa mbele yake kwa pasteli (chaki za rangi) ndo akaenda kuchonga. Na 1660 ikatoka amri ya mfalme kule Saint-Jean-de-Luz, mji wa Ufaransa, kwamba uchongaji wa picha ni sanaa huru, usibanwe na vyama vya mafundi. Ikulu ilijua thamani ya hawa watu.

msomaji_picha: Asante sana, hiyo ya fimbo sikuiona kabisa. Sasa nani alikuwa anazipata hizi karatasi?

Bi_Sanaa: Wengi tu. Picha ya Rigaud ilibaki ikulu, bamba la shaba linatoa nakala nyingi zinasafiri mpaka nchi za nje. Hata wanafunzi wenye uwezo walichapisha tangazo la kutetea tasnifu zao likiwa na uso wa mfalme juu, Nanteuil alizichonga hizo pia, kwahiyo kijana anajinadi na mfalme anatukuzwa humohumo.