AA, SMART au kundi la mtandaoni: nianzie wapi?

KobeMwendo
Wakuu, leo siku ya 12 sijagusa chupa. Peke yangu naona siwezi; jioni ikifika mikono inatafuta kazi, na kazi yenyewe naijua. Nimetafuta mikutano ya watu wanaoacha pombe, nimepata mitatu. AA (Alcoholics Anonymous, wanywaji wanaosaidiana kuacha) ni karibu, mara tatu kwa wiki. SMART Recovery ni Jumamosi tu, tena mbali kidogo. Kuna na kundi la mtandaoni, video kila usiku. Mimi si mtu wa dini sana na kuongea mbele za watu sipendi. Mliopita huko, mnanishauri nini?

BibiUtulivu
Hongera kwa hizo 12, mdogo wangu. Mimi nina miaka 9 ndani ya AA. Ilianza 1935 kule Akron, Ohio, pale Bill Wilson alipomtafuta mlevi mwenzake, daktari Bob Smith, azungumze naye ili yeye mwenyewe asirudie kunywa. Kazi ni ileile mpaka leo. Ada hakuna. Kapu linapita, mwenye nacho anatia, asiye nacho analisukuma mbele. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, kutaka kuacha pombe.
Kuongea si lazima. Zamu ikikufikia sema "leo nasikiliza", inakwenda kwa jirani. Soma ratiba vizuri: mkutano wa wazi anaingia yeyote, hata ndugu yako, wa ndani ni wa wenye shida ya pombe tu. Ukitaka kuonja (samahani kwa neno), anza na wa wazi.

Ngalawa
Bibi kasahau kusema kwamba kwenye zile Hatua 12, mpango wa AA wa kuacha pombe, Mungu anatajwa waziwazi, ingawa kila mtu anaachiwa amwelewe kwa namna yake. Mimi hapo nilikwama, nikaenda SMART. Wao walianza 1994, hawana hatua wala habari za nguvu iliyo juu yako, na hakuna anayekulazimisha ujiite mlevi. Ni mazoezi ya fikra. Unachora viboksi vinne: faida za kunywa, hasara za kunywa, faida za kuacha, hasara za kuacha. Kwenye faida za kunywa niliandika "usingizi". Mwendeshaji akaniuliza, "Na unaamka saa ngapi?" Saa tisa usiku, jasho tupu. Nikakifuta mwenyewe.
Ubaya wake, mikutano ni michache, na hakuna utaratibu wa kupewa mlezi kama AA, yule mkongwe unayempigia hamu ikikukaba usiku.

MamaWawili
Mtandaoni kulinifaa kwa sababu ya watoto, sina wa kumwachia. Lakini niseme ukweli: wiki ya tatu nilikuwa nahudhuria na glasi mkononi, kamera nimeizima. Hakuna aliyejua. Kwenye chumba chenye watu nisingeweza, wangenusa. Sasa naenda ana kwa ana mara moja kwa wiki, mtandao ni wa siku zilizobaki.

ZamuYaUsiku
Mimi ni muuguzi. Kobe, wewe siku 12 umeshavuka pabaya, ila wapo wanaosoma hapa wanaokunywa sana kila siku. Msikate ghafla bila kumwona daktari. Degedege la kukosa pombe huweza kuja kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho, kisha siku ya pili hadi ya nne kuna kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Watu hufa kwa hilo. Mkutano hautibu hali hiyo, hospitali ndiyo inatibu.
Kuhusu ipi inafanya kazi: mapitio ya 2020 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, tafiti 27, yaliona programu zinazomwingiza mtu AA zinasaidia wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine kama ile ya kubadili fikra.

Ngalawa
Sawa dada, lakini hapo wengi walikuwa na mshauri aliyewasukuma na kuwafuatilia. Si sawa na kukaa kiti cha nyuma halafu unatoroka kabla ya mwisho.

BibiUtulivu
Hata kiti cha nyuma ni kiti. Na Kobe, kila kundi la AA linajiendesha lenyewe. Nililoingia kwanza mzee mmoja aliongea peke yake karibu mkutano mzima, nikaapa sirudi. La pili ndilo nililonalo mpaka leo. Kama nyumbani kuna mtu aliyechoka na wewe, naye ana kwake: Al-Anon, ya ndugu wa wanywaji.

KobeMwendo
Mrejesho. Jana nimeenda AA, ule wa wazi. Nililizunguka jengo mara mbili kabla ya kuingia. Wa mlangoni hakuniuliza jina, alinionyesha kiti. Zamu ikafika, nikasema nasikiliza, ikapita kweli. Nikiondoka, mzee mmoja alinipa kikaratasi chenye namba ya simu: "Piga kabla, si baada." Kiko kwenye kava la simu.
Jumamosi naenda SMART nami nikachore viboksi. Ngalawa, kalamu wanatoa?

Ngalawa
Nenda na yako. Za pale zote zimekauka.