Juu ya nini tunapishaka muzungu mbele?

Bandugu ba Lubumbashi, jana ku banki tulikuwa mu laini tangu asubui, muzungu moja akaingia, gardien (mulinzi) akamupitisha mbele ya mama mwenye kubeba mutoto ku mugongo, na miye nikasogea nimuachie njia! Roho inaniluma mpaka leo. Hii inatoka wapi?

— Kaka, muji ulijengwa vile. Tangu wakati ya Babelgiji bazungu ku centre, batu beusi ku kartie ya Kamalondo, katikati nafasi tupu. Lakini wee ungesema tu: mama njo wa kwanza.

— Ni kweli, lakini tujiangalie na siye. Mu 1992-93 bandugu ba Kasai balifukuzwa huku Katanga, baliitwa bilulu, ni kusema badudu. Kwetu ku nyumba nililisikia hilo neno, nikalirudilia. Nilikuwa mutoto, njo naliachaka polepole.