Naombeni ushauri: zawadi ya Krismasi kwa watoto wa miaka 12 na 11, midoli hawataki tena na ukubwa bado

MamaWawili_Masasi
Habari za humu ndugu zangu. Mimi nipo Masasi, nina watoto wawili, wa kike ana miaka 12 kamaliza la saba mwaka huu na kafaulu, Januari anaripoti form one. Wa kiume ana 11 yuko la tano. Hela ya korosho imeshaingia benki, mahitaji ya shule nimeyaweka pembeni, na zawadi za sikukuu nimetenga laki moja na nusu kwa wote wawili. Kwa hiyo hela ipo, ila sijui niwanunulie nini.

Mwaka jana nilikosea. Binti nilimletea gauni la kumeta lenye ua kubwa kifuani, saizi nilikisia tu, kama nilivyozoea kumnunulia tangu yuko chekechea. Akalivaa kwa heshima yangu. Misa nzima kakaa kakunja mikono kifuani, nikadhani anasikia baridi, sasa baridi gani Masasi mwezi wa 12, kumbe gauni linambana, mwili umeanza kubadilika na mimi mama yake sijaona. Tuliporudi akalivua akalikunja vizuri akaliweka chini kabisa kwenye begi lake, hajaligusa tena mpaka leo. Liliniuma sana. Wa kiume nilimpa gari la rimoti, siku ya pili nakuta kampa mtoto wa mdogo wangu, namuuliza kwa nini, ananiambia "mama, lile la watoto."

Mwaka huu binti anataka simu, wenzake wawili wanazo. Baba yao yupo Dar kikazi, anasema mnunulie tu hata ndogo. Mimi roho inasita. Wa kiume ukimuuliza anasema "chochote", ila naona nyuma ya madaftari yake kajaza michoro, mijusi mikubwa yenye shingo ndefu, mingine ina meno. Walioshalea umri huu naombeni mnisaidie, nataka wakifungua wajue kwamba nimewaona walivyo sasa hivi.

Mkorosho_Tandahimba
Hongera kwa binti kufaulu dada. Simu kwa mwaka huu hapana. Shule zetu haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, sasa Januari akienda itabaki kwako, hiyo atakuwa kaitumia wiki tatu. Halafu laini itasajiliwa kwa NIDA yako na vidole vyako, chochote kitakachofanyika na ile laini wewe ndiye utakayetafutwa. Na hao WhatsApp na TikTok wenyewe wameweka masharti, chini ya miaka 13 hapana. Kama baba anataka kuongea na wanae, chukua kiswaswadu kikae mezani kiwe cha nyumba nzima.

Baba_Chikongola
Naheshimu mawazo ya mkuu hapo juu ila mimi wa kwangu nilimnyima, akawa anaazima kwa wenzake, nilikuja kujua miezi minne baadaye. Afadhali ajifunzie mikononi mwako. Akifika 13 mpe, mkae mkubaliane saa za kutumia, usiku inalala chumbani kwako.

Ticha_Newala
Dada nafundisha la sita na la saba mwaka wa 9 huu, niongee kidogo. La kwanza, usije ukafunga tranka, madaftari na mkebe wa hesabu kwenye karatasi ya maua ukasema ndio zawadi ya form one. Umesema umetenga pembeni, umefanya vizuri, maana wazazi wengi wanafanya hivyo na mtoto anajua kabisa vile vilikuwa haki yake, anashukuru kwa mdomo tu.

La pili ni hilo la gauni. Nimelisoma mara mbili kwa sababu darasani kwangu nawaona mabinti wa hivyo kila siku, joto limekolea na sweta hajavua, anayo mpaka saa nane, ukimwita ubaoni anaenda kakumbatia daftari. Umri huu mtoto wa kike anaona kila mtu anamwangalia. Kwa hiyo nguo usimkisie tena, na usimnunulie kwa kumshtukiza, nenda naye dukani achague kitambaa mwenyewe halafu mpeleke kwa fundi mwanamke ampime, aseme anataka kifua kikae vipi na urefu uishie wapi. Kule kuchagua ndio kutamkaa zaidi, gauni linafuata. Ila wahi, mafundi Desemba wanazidiwa, ukipita tarehe 10 utapewa ahadi ya Januari.

La tatu, mnunulie na sidiria mbili za kuanzia zile laini za pamba pamoja na taulo za kike, ila hivyo visiwe zawadi ya Krismasi na visifunguliwe mbele ya mjomba na mashangazi. Mpe siku nyingine mkiwa wawili chumbani, umweleze na matumizi, hata kama bado hajaanza. Najua taulo bei imechangamka, serikali iliondoa VAT 2018 tukashangilia, 2019 ikarudi. Kama ni mzigo kwako kila mwezi tafuta za kitambaa za kufua, ukizitunza vizuri anazitumia muda mrefu, muhimu sabuni na zianikwe juani, asizifiche chini ya godoro zikiwa mbichi.

BiMkubwa_Mikindani
Mwanangu mimi Muislamu lakini sikukuu ya majirani zangu ni ya kwangu pia, miaka yote pilau yao naila. Huyo binti mpe doti ya khanga. Usimpe ile kuukuu ya kwako, mpe mpya ya kwake mwenyewe, achague rangi na asome jina lake, yale maneno yaliyoandikwa, kabla hajachukua. Mimi nilipewa na bibi yangu nikiwa na umri huo huo, ikaja imeungana bado, bibi akanikalisha barazani tukaikata katikati tukapinda pindo kwa sindano ya mkono, yeye upande wake mimi upande wangu, na huku ananiambia mambo ambayo mama hawezi kumwambia bintiye. Huku kwetu unajua mtoto akifika hapo watu wanafikiria unyago, kila mtu na mila zake na dini yake siwaingilii, lakini yale mazungumzo mtoto anayahitaji. Mkiwa mnapinda khanga wote mnaangalia sindano, hakuna anayemwangalia mwenzie usoni, maneno yanatoka yenyewe.

FundiBaiskeli
Huyo dume mchukulie baiskeli mtumba. Miaka 11 inchi 24 inamtosha, akiwa mrefu chukua 26 ushushe kiti. Apande dukani kabisa, ncha za miguu zote mbili ziguse chini akiwa amekalia kiti. Kagua breki na uma wa mbele unaoshika tairi, rangi isikudanganye.

Lindi_Kwetu
Fundi yuko sawa, ila huyu mtoto baiskeli hajaiongelea na mwenyewe ameshasema anachopenda, kasemea nyuma ya daftari. Mama, hiyo mijusi ya shingo ndefu ni dinosaria, na mwanao anachora mnyama wa kwao bila kujua! Hapa Lindi kuna kilima cha Tendaguru, kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, na waliochimba na kubeba ni babu zetu wa huku huku, mizigo begani na kichwani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi ikapakiwa melini. Dinosaria mmoja kati ya hao kasimamishwa makumbusho ya Berlin mpaka leo, kwenda juu ana zaidi ya mita 13. Yaani mnazi mrefu kidogo. Mimi nililijua hili nikiwa mtu mzima na niliumia, shule nimesoma hapa hapa mkoani na sikumbuki kuambiwa.

Mnunulie daftari kubwa la kuchorea la karatasi nyeupe zisizo na mistari, penseli za rangi, penseli laini za kivuli, kifutio kizuri na kichongeo cha chuma, cha plastiki kinavunja ncha. Ukurasa wa kwanza andika wewe kwa mkono wako hiyo habari ya Tendaguru, tarehe na kila kitu. Hela itabaki nyingi tu.

MamaWawili_Masasi
Jamani asanteni, nimerudi. Nimewasoma wote na nimelia kidogo kwa ya Bi Mkubwa, shikamoo mama.

Juzi nilikaa na binti nikamwambia simu mwaka huu hapana, nikamweleza habari ya laini na shule, na kwamba akifika 13 tutaongea tukiwa na baba yake. Alinuna mpaka jioni. Jana nikamwambia twende mjini uchague kitambaa, akaniuliza "mwenyewe?" Nikamwambia mwenyewe. Kakaa duka la vitenge karibu saa nzima, anagusa, anarudisha, mimi nimekalia stuli kimya nimejizuia nisiseme lolote. Nilidhani atachukua ya pinki, kachukua ya bluu iliyoiva yenye majani madogo madogo. Kwa fundi alisema mwenyewe kifua kisibane na mikono ifike kwenye kiwiko, fundi kaandika. Tarehe 20 tunafuata. Khanga nayo nimeipata, bado imeungana, nimemwachia bibi yake kule Ndanda tutaikata huko sikukuu.

Baba yao naye kwenye simu nilimsikia kanyamaza kidogo halafu akaniuliza kijana anachora nini, hakuwa anajua.

Shida imebaki penseli. Hapa Masasi nimepata boksi la rangi 12 tu na daftari la kuchorea ni dogo. Kuna mtu anatoka Mtwara mjini wiki hii anisaidie boksi la 24 au 36?

Ticha_Newala
Mimi nashuka Mtwara Alhamisi, Jumamosi nina safari ya Masasi. Nicheki inbox uniambie na saizi ya daftari.