Vitabu vipya kuhusu maisha ya kila siku: utajuaje kama mwandishi aliwaona watu kweli?

Kurasa Saba ameuliza:

Habari za humu wakuu. Naendesha kikundi cha kusoma. Tuko saba, na hakuna hata mmoja wetu aliyesomea sosholojia. Uwezo wetu ni kununua kitabu kimoja kila miezi mitatu, kwa hiyo tukikosea, robo mwaka imekwenda.

Mara ya mwisho nilichagua mimi. Kitabu kipya, cha kitaaluma, kinahusu familia na simu za mkononi. Jalada la nyuma limejaa sifa za maprofesa. Tumefika sura ya tatu mwandishi bado anabishana na wanadharia wenzake, familia hatujaiona. Sura ya tano akatokea mama mmoja, akasema sentensi mbili, akapotea. Mwenzetu anayelea watoto watatu peke yake akafunga kitabu, akasema, "Huyu hajawahi kukaa jikoni kwa mtu." Iliniuma, maana yeye ndiye aliyekuwa amekisubiri kuliko sote.

Sasa zamu yangu ya kuchagua imerudi. Nyie huwa mnatazama nini kabla ya kununua?

Mpanga Rafu amejibu:

Pole sana mkuu. Nina miaka 19 kazini maktaba, kazi yangu ni kupokea vitabu vipya, kuvifungua na kuvipa namba za rafu. Jalada silisomi kabisa. Naanzia nyuma.

Vitabu vya namna hii huwa na maelezo ya jinsi utafiti ulivyofanyika, ama kwenye utangulizi, ama kwenye kiambatisho mwishoni. Hapo nataka kujua alikaa na nani, kwa muda gani, na mwaka gani. Hilo la mwaka watu hulisahau. Kitabu kilichotoka juzi mara nyingi kilianza kama tasnifu ya udaktari: mtu akakaa na watu mwaka mmoja au miwili, akaandika, akaandika upya, kikapitiwa na wataalamu wasiotajwa majina, kikarekebishwa. Kikikufikia, maisha yanayosimuliwa yana umri wa miaka mitano au zaidi. Kwa kitabu cha malezi si neno. Kwa kitabu cha simu, ni kipindi kingine kabisa.

Kisha nakwenda kwenye faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake. Nikikuta majina ya wanafalsafa yamejaa, na hakuna "kufua", "foleni", "usingizi", "deni", najua nimeshika kitabu cha aina gani. Nikikuta "kufua" ina kurasa sita, nakaa chini.

Kuna kitabu kimoja cha zamani ambacho ndicho mizani yangu. Mwaka 1933 Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walitoa utafiti wao kuhusu Marienthal, kijiji cha Austria chenye watu 1,486, ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na nyumba nyingi zikabaki bila ajira. Hawakuishia kuwauliza watu wanajisikiaje. Walipima mwendo wao barabarani. Wanaume walikuwa wanatembea, wanasimama, wanatembea tena, wanasimama tena. Wanawake walikwenda kwa kasi zaidi na kusimama mara chache, kwa sababu nyumbani kazi haikupungua hata chembe. Waliwapa watu karatasi wajaze siku yao saa kwa saa, na mwanamume mmoja, asubuhi yake ilipomwishia maneno, akaandika tu kwamba hivyo hivyo mchana unafika.

Ukurasa ulionishika zaidi ni wa maktaba ya kijiji. Kati ya 1929 na 1931 uazimaji wa vitabu ulishuka karibu nusu, ingawa ile ada ndogo ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Muda wanao tele, vitabu ni bure, na hawasomi. Nimesimama nyuma ya meza ya kuazimisha maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kufikiri kwamba daftari la uazimaji laweza kusema jinsi tumaini linavyomtoka mtu. Kila kitabu kipya nakiuliza: wewe umeniletea daftari gani?

Mzizi amejibu:

Mpanga Rafu, nakuheshimu, ila kipimo chako kingemtupa nje mwanasosholojia Norbert Elias. Kitabu chake cha 1939 kuhusu mwenendo wa ustaarabu hakina mahojiano hata moja. Alikaa na vitabu vya adabu vya karne nyingi, kikiwamo cha mwanazuoni Erasmus cha 1530 cha kuwafunza watoto, akafuatilia namna watu walivyokula, walivyopenga kamasi, walivyotema mate, na jinsi aibu ilivyoongezeka taratibu. Na kwa miaka mingi wachache tu walikijali. Angalia asije mtu akakosa kitabu kizuri kwa sababu hakina jikoni.

Mpanga Rafu amejibu:

Kweli, Mzizi, umenirekebisha. Ila mate na kamasi vimo. Kwa Elias mashahidi ni vile vitabu vya adabu, na kila wakati anavinukuu kwa urefu ili msomaji ajionee. Basi niseme hivi: nataka ushahidi niuone kwa macho, uwe wa mtu aliye hai au wa karatasi.

Sindano amejibu:

Nyongeza fupi. Msiogope idadi ndogo ya watu. Mwanasosholojia Ann Oakley alihoji wanawake 40 tu, wa London, kwa kitabu chake cha 1974 kuhusu kazi za nyumbani, na aliwachukulia kama wafanyakazi: saa zao, uchovu, upweke, kazi wanayoichukia zaidi. Wastani ulifika saa 77 kwa wiki. Wapo waliohoji maelfu na hawakuambulia sentensi moja ya kukumbukwa.

Pia kabla ya kununua pitieni OAPEN, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya kitaaluma. Vitabu vingi vya wachapishaji wa vyuo vikuu viko pale, kupakua ni bure, kihalali.

Kurasa Saba amejibu:

Asanteni sana wakuu, nimekaa na hili jana usiku kucha. Nilikuwa na vitabu viwili vipya mezani, vyote kuhusu watu wanaofanyia kazi nyumbani. Nikaanzia nyuma. Cha kwanza, mahojiano yote kwa video, dakika arobaini kila mtu, basi. Cha pili mwandishi alirudi kwenye nyumba zilezile kwa miezi 14, na faharasa yake ina "mlango, kufunga" na chini yake "watoto kugonga".

Nimempigia yule mwenzetu nikamsomea mistari hiyo miwili. Akanyamaza kidogo, akaniuliza ukurasa wa ngapi.